Uso wa Saidi Ukutani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya, na papo hapo nashukuru kwamba ilinipata nikiwa bado msichana.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi pale Janga. Kufundisha nilifundisha kama wenzangu, lakini kuchora, hapo nilijiona sina mpinzani wilaya nzima. Ramani ya Tanzania niliichora ubaoni bila kutazama kitabu, kisha nikageuka kuona kama watoto wameshangaa. Ndivyo nilivyokuwa.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha. Nilipanda lori na wanakijiji wengine kwenda Dar es Salaam kuwaona askari wetu wakipita kwa gwaride la ushindi, nikarudi sauti imekauka kwa vigelegele. Kina mama walitandika kanga barabarani ili askari wakanyage. Basi mwenyekiti wa kijiji aliposema anataka gwaride lile lichorwe kwenye ukuta wa ofisi, ule mpana unaotazama barabara, nani mwingine angeitwa?

Rangi siku zile ilikuwa adimu kama sukari. Nilipewa kijani kilichobaki milango ya zahanati ilipopakwa. Nyeusi nikaitoa kwenye mkaa, nyekundu kwenye udongo, na nyeupe ilikuwa chokaa tu. Mistari myembamba niliichora kwa mswaki wa mti.

Siku ya tatu mwenyekiti alikuja, akasimama chini ya ngazi yangu.

"Mwalimu, huyu wa mbele anayeshika bendera, mpe sura ya Saidi wangu. Ana umbo la kiaskari."

Saidi alikuwa mwanawe. Siku mgambo wa kijiji walipoandikishwa kwenda vitani, yeye alikuwa Kisarawe kwa mjomba wake, na kila mtu alilijua hilo.

"Lakini Ndugu Mwenyekiti, Saidi hakwenda."

"Ni picha tu, Mwalimu. Na ile barua yako ya chuo, nadhani bado sijakuandikia." Akatabasamu, akaenda zake.

Nilitamani sana kwenda chuo kusomea sanaa, na bila barua ya kijiji nisingepokelewa. Sikubishana tena. Nilimchora Saidi kwa bidii kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora: paji pana, mwanya, hata kovu dogo la nyusi. Wale askari wengine wote niliwapa sura moja, kama watoto wa tumbo moja. Niliona inatosha.

Siku ya kuonyesha picha watu walijaa. Ngoma ilipigwa, mwenyekiti akahutubia, nami nikapigiwa makofi. Watu walipoanza kutawanyika nikamwona Bi Mwanaidi amebaki peke yake mbele ya ukuta. Alikuwa mama wa Ramadhani, kijana wa kwanza kijijini kujiandikisha, aliyerudi bila vidole viwili vya mkono wa kushoto. Bi Mwanaidi alikuwa akipitisha kidole chake kwenye nyuso, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Ramadhani. Yuko wapi humu?"

Nikacheka kidogo. "Hawa wote ni yeye, mama. Nimechora askari wetu wote kwa pamoja."

Akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Basi mbona Saidi ni Saidi?"

Aliifunga vizuri kanga yake, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka. Nilibaki pale, na ile picha niliyoipenda asubuhi sikuweza tena kuitazama.

Ungedhani, mwanangu, siku ile ile ningechukua brashi. Wapi! Nilijipa sababu. Nikasema barua kwanza, ukuta baadaye. Wiki mbili zikapita hivyo.

Aliyekuja kunitikisa ni Saidi mwenyewe. Alinikuta darasani watoto wakiwa mapumziko, akasimama mlangoni amekunja kofia mkononi.

"Mwalimu, nifute."

"Nini?"

"Nifute pale ukutani. Watoto wakiniona wananipigia saluti, wananiita afande. Watu wazima wananyamaza, na hilo ndilo baya zaidi. Siku hizi napita mashambani nisionane na ule ukuta. Baba alinipeleka Kisarawe nisiandikishwe. Nami nilikubali, niliogopa. Nilikuwa nimeanza kuishi na jambo hilo polepole. Sasa wewe umelichora barabarani."

Nilikuwa nimemdhulumu Ramadhani, hilo nilikwishalijua. Kwamba nimemuumiza na huyu niliyempendelea, halikunipitia akilini hata mara moja.

Tulikwenda saa ile ile, jua la saa sita, watu wakitupita. Nilichanganya chokaa. Nilipotaka kupanda ngazi Saidi akaichukua brashi, akapanda yeye, akaupaka chokaa uso wake pale ukutani hadi macho yakapotea. Alikuwa bado juu baba yake alipotoka ofisini.

"Nani amekutuma?" mwenyekiti akafoka, akinitazama mimi.

"Nimejituma, Baba," Saidi akasema. "Niache."

Mwenyekiti alimtazama mwanawe. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango taratibu. Barua yangu hakuiandika.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Mwanaidi, nikaomba radhi, nikamwomba Ramadhani nimchore. Nilitaka kumweka mbele, ashike bendera. Akakataa huku akicheka.

"Mimi nilipita safu ya tatu, Mwalimu, tena kiatu kinanibana. Niweke hapo hapo. Na usinirudishie vidole, watu watasema ni mtu mwingine."

Nilimchora safu ya tatu, vidole vitatu. Mshika bendera nilimgeuza, akawa ametupa kisogo. Bi Mwanaidi alipokuja, hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja, akaweka kiganja chake ukutani rangi ikiwa bado mbichi, akakiondoa kijani kitupu, akacheka mpaka akakaa chini.

Chuoni sikwenda mwaka ule wala uliofuata. Nilifundisha, nikaolewa, nikazeeka huku huku, na sijutii. Saidi alianza tena kupita barabarani.

Sasa sikia ninalokuambia, mwanangu. Utapata siku ya kumtaja mtu, kumsifu, kumwandikia jina lake mahali. Mtaje kwa alilolifanya, hata kama ni dogo, hata kama alikuwa safu ya tatu. Ukimpa mtu sifa isiyo yake unawaumiza wawili, yule uliyemnyang'anya na huyu uliyembebesha. Na ukigundua umekosea, usingoje wiki mbili kama mimi. Nenda ukarekebishe mchana, watu wakikuona.

Mola akujaalie watu watakaokuambia kweli bila kukudhalilisha, akupe na moyo wa kuwasikiliza. Kazi ya mikono yako iwe na baraka, na uzee wako uwe mwepesi kama huu wangu. Amina.