Mteremko wa Otto Brandmeier

Mwaka 1908 timu ya besiboli ya Harlan Ferry, Ohio, ilishinda karibu kila mechi ya nyumbani, na kila mtu mjini alijua sababu. Bwana Haverstick, mwenye timu, alisema ni hotuba zake. Mchungaji alisema ni maombi. Otto Brandmeier, mtunza uwanja, hakusema kitu, maana sababu aliijenga yeye kwa koleo.

Wachezaji wa Harlan Ferry walikuwa wadogo wa mwili na wepesi wa miguu. Badala ya kupiga mpira mbali, waliugusa tu kwa gongo ukaviringika taratibu kando ya mstari wa chokaa, wao wakatimua mbio. Mpira wa namna hiyo ukitoka nje ya mstari hauhesabiwi. Basi Otto aliinua udongo upande wa nje, kidogo kidogo, akapanda majani juu yake, hata mpira ukitaka kutoka ulighairi na kurudi ndani. Jicho la mgeni lisingeona kitu. Alipomaliza alikaa kwenye ndoo akautazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake aliyelala.

Siri hiyo waliijua wachezaji wa zamani na Lena, mkewe. Aliyeifaidi kuliko wote alikuwa Mick Deeley, Mwairishi mwenye miguu ya upinde aliyekula kwa akina Brandmeier kila Jumapili, soseji na kabichi, na kumwita Lena mama.

Mwezi wa Julai Bwana Haverstick akamuuza Deeley kwa timu ya Colby.

"Mpira unaotambaa chini haumtoi mtu nyumbani kwake," alimweleza Otto. "Watu wanataka kuuona ukipaa. Nimenunua wapigaji wenye mabega."

"Lakini tunashinda, bwana."

"Tutashinda kwa heshima zaidi. Na nikikosa bendera ya ubingwa wa ligi mwaka huu, Otto, uwanja huu nawauzia watu wa matofali. Wananiganda kila siku."

Otto alirudi nyumbani amepauka. Nyumba yenyewe ilikuwa ya klabu, pale pale langoni, lakini hakuiwazia nyumba. Aliuwazia uwanja. Alikuwa ameukuta kichaka cha miiba.

"Basi sawazisha ule mteremko," Lena alimwambia. "Hao wenye mabega hawana kazi nao. Sasa utawafaa wageni tu."

"Wageni hawaujui."

"Mick ni mgeni sasa."

"Mick hawezi kunifanyia hivyo."

Lena alimtazama, akaendelea kumenya viazi.

Miongoni mwa wenye mabega alikuwamo Prewitt, aliyewekwa kulinda upande ule ule wa mteremko. Siku ya kwanza alitema tumbaku kwenye majani ya Otto, akamuuliza, "Wewe mzee, mbuzi wako wako wapi? Au haya majani unayala mwenyewe?" Wenzake wakacheka. Otto naye alikuwa amekuja na maneno ya kumweleza jinsi mpira unavyoviringika pale. Aliyameza. Akitaka kujua ataniuliza, alijisemea. Prewitt hakuuliza, na wale wa zamani waliobaki walidhani Otto ameshamwambia.

Ligi ikaenda hadi mechi ya mwisho, Harlan Ferry na Colby, pointi sawa, nyumbani. Bwana Haverstick alitoa hotuba ndefu.

Hadi zamu ya mwisho hakuna timu iliyokuwa imepata bao, Colby wakiwa na mtu kituo cha tatu, akingoja upenyo wa kukimbilia kituo cha nyumbani na kupata bao. Akaja Deeley na gongo lake. Alimwona Otto uzioni, akamgusia kofia kwa adabu. Otto alijua kitakachofuata kabla mrushaji hajainua mkono.

Deeley akaugusa mpira. Ukatambaa kuelekea mstarini. Prewitt aliuwahi kabisa. Angeweza kuuokota, kuurusha na kumaliza mambo. Badala yake akatanua mikono kuwazuia wenzake. "Uacheni! Unatoka huo!"

"Okota!" Otto alipiga kelele. "Okota, mjinga wewe!"

Prewitt akageuka kuona nani anamtukana. Mpira ukafika kwenye chokaa, ukapunguza mwendo, ukarudi ndani ukatulia kwenye majani mazuri kuliko yote Ohio. Mtu wa Colby alikuwa ameshafika nyumbani. Wenye mabega nao, zamu yao ilipofika, walipiga mipira iliyopaa kweli kweli, na yote ikadakwa, wakatolewa bila bao.

Jioni Deeley alipita mlangoni, kofia mkononi. "Mzee, kazi yako bado haina mfano. Nilikuwa na hakika mmeshamwambia yule mlinzi wenu mpya."

"Ingia ule," Lena alisema. Otto alimsogezea kiti.

Majani yalipoanza kukauka watu wa matofali walikuja na vipimo vyao. Walilalamika kwamba ardhi imeinuka upande mmoja, tanuri haliwezi kukaa hapo, wakauliza kama mjini kuna mtu mwenye mkono wa kusawazisha udongo. Bwana Haverstick alimsifia Otto kwa moyo mmoja.

Otto akachukua koleo lake, akaanzia pale pale mpira ulipotulia.