Shanga za Kasuku

Watu wakimsifu dada yangu husema ana mikono ya dhahabu. Mimi huwaambia dhahabu hainuki gundi. Mikono ya dada yangu ni ya karatasi. Kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, na kidole gumba cha kulia kimekuwa bapa kwa kuviringisha shanga miaka kumi na minane. Ukimpa mkono utakisikia kilivyo kigumu.

Kazi hii aliianza akiwa mfagiaji kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu na kalenda. Kila jioni alifagia mabaki ya karatasi nzuri, za kung'aa, zinazokwenda kuchomwa moto, na dada yangu tangu utoto hajui kutupa kitu. Akawa anayabeba kwenye kiroba mpaka nyumbani. Akajaribu hiki, akajaribu kile, mpaka siku moja akaniwekea kiganjani shanga ya michirizi ya kijani na njano, akaniuliza nadhani ni nini. Nikasema kioo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kiwanda kilipopunguza watu, yeye alikuwa wa kwanza kupunguzwa, na wiki hiyohiyo akaigeuza sebule yake karakana. Makochi yakatoka, meza mbili zikaingia, na mimi nikaitwa.

Kazi yenyewe ngoja nikueleze, maana bila kuijua hutaelewa nilichokifanya. Unachukua karatasi ya kalenda ya zamani. Unapima kwa rula, unaweka alama za penseli, unakata vipande virefu: upande mmoja upana wa kidole, upande wa pili umechongoka kama mwiba. Unalaza kipande mezani, picha chini, weupe juu, unakiviringisha kwenye spoki ya baiskeli kuanzia upande mpana, na gundi kidogo kila mzunguko. Ncha inamalizikia juu. Unachomoa spoki, unachovya shanga kwenye vanishi mara tatu, inakauka, inakuwa ngumu kama kokwa. Picha ndiyo inayoonekana kwa nje. Weupe wote unabaki ndani.

Dada hukata na kuviringisha. Mimi napaka vanishi, natunga kwenye uzi, napeleka dukani, kwa sababu mdomo ninao. Mtaani wananiita Pilipili, na jina hilo sikulipata jikoni.

Mtoto wa dada alikuwa mmoja tu, wa kike. Baba yake alikwenda kutafuta kazi akapata mke, kwa hiyo huyo tumwache hukohuko. Mtoto tulimwita Kasuku. Mdomo wake haukuwa na likizo. Alisema akila, alisema akioga, na ukimfukuza nje acheze anarudi kukusimulia alivyofukuzwa. Mimi niliyeshindikana na mtaa mzima, yule mtoto alinishinda. Dada alikuwa anaviringisha shanga huku anamsikiliza tu, na ukimtazama usoni unajua hapo ndipo alipoweka kila kitu chake.

Kasuku alipofika miaka kumi na saba sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema mafua. Mafua gani ya miezi minne? Hospitali wakasema ni uvimbe kooni, wakamtoboa shingo ili apate kupumua, na sauti ikazimika siku hiyo. Kasuku wetu akawa bubu.

Dada alihamia pale kitandani. Kwenye mkoba alikuwa na kopo la plastiki lenye kifuniko, limejaa vipande vya karatasi vilivyokwisha kukatwa, aviringishe akiwa amekaa asije akapata wazimu. Siku ya pili mtoto akanyoosha mkono, akachukua kipande kimoja na penseli ya mama yake, akaandika upande mweupe: *Nina kiu.* Basi. Kuanzia hapo Kasuku akarudi. Aliandika kutwa nzima kwenye vile vipande, mstari mmoja kila kipande, herufi kubwa pale penye upana, zinapungua zinapungua kadiri karatasi inavyochongoka, mpaka herufi ya mwisho unaitafuta. *Fungua dirisha. Huyu nesi anakoroma. Mwambie Mama Mdogo apunguze sauti, watu wanaumwa.* Hicho nilikisoma mwenyewe, nikamwambia akipona nitamchapa, naye akacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Dada kila kipande alikirudisha kwenye kopo. Nimekwambia hajui kutupa kitu.

Asubuhi ya upasuaji walikuja kumchukua mapema kuliko walivyosema. Kitanda kinasukumwa, mtoto anaandika. Akampa mama yake kipande kimoja. Dada miwani alikuwa ameiacha bafuni, na manesi wana haraka, akamwambia, "Nitakisoma ukirudi, mama." Akakitia kwenye kopo pamoja na vingine, akafunika.

Hakurudi.

Baada ya mazishi dada aliniambia habari ya kile kipande mara moja tu. Alisema, "Kipo, lakini nikikisoma atakuwa amemaliza kusema. Nitakisoma siku nikipata moyo." Nikamwambia chukua muda wako. Akajifungia chumbani. Alijua kopo limo kwenye mkoba, na mkoba umetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na hakuugusa.

Lakini mkoba nilikuwa nimeufungua mimi. Siku ile tuliyotoka hospitali, dada akiwa amelala sakafuni hajitambui, nilitoa nguo za mgonjwa nikafue. Nikakuta kopo la vipande. Sebuleni tuna makopo kama hayo kumi na mawili, yamepangwa kwenye rafu. Nililiweka na wenzake. Alipokuja kuniambia habari ya kile kipande, lile kopo nilishalisahau. Nilikuwa natunza nyumba, naona nasaidia.

Miezi miwili ikapita, na mwenye duka, mwanamke mmoja anayeuza vipuli na mikufu kule mjini, akataka mikufu miwili ya kijani ya kuweka kwenye kioo cha mbele. Dada yuko chumbani. Na mimi, sitaficha, nilikuwa nimeanza kumkasirikia. Nilijiona mimi ndiye punda wa nyumba. Nikakaa kwenye kiti chake, nikashusha kopo lenye kijani, nikaanza kuviringisha.

Utaniuliza, hukuona maandishi? Niliona penseli. Kila kipande tunachokata kina penseli, nimeshakueleza, ni alama za kupimia. Na mchana ule nilikuwa najibizana na jirani kupitia dirishani kwa sababu ya maji machafu anayomwaga mlangoni kwetu. Macho yako dirishani, mikono iko kazini. Niliviringisha shanga sitini na nane. Ugomvi ule naukumbuka mpaka leo, neno kwa neno, nilichomwambia na alichonijibu. Nikachovya vanishi, nikatunga, nikapeleka dukani, nikarudi nimejaa sifa.

Wiki iliyofuata dada akatoka chumbani. Ameoga, amevaa miwani, mkoba mkononi. Akakaa mezani kwake, akasema, "Leo nimepata moyo." Akafungua mkoba. Akaingiza mkono, akaupekua, akaugeuza juu chini. Kisha akanitazama.

Niligeuka nikatazama rafu, nikahesabu makopo, na lile moja lililokuwa tupu lilikuwa palepale nilipoliacha.

"Dada," nikamwambia, "nimeviringisha."

Dada alivaa viatu, akatoka, mimi nyuma yake nakimbia na kanga begani.

Dukani mkufu mmoja ulikuwa kwenye kioo na wa pili shingoni mwa mteja, anajitazama kwenye kioo cha ukutani. Mwenye duka akaanza mambo ya mali ikishauzwa haina kurudi. Nikamwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Dada hakusema naye. Alimwendea yule mteja akamwambia kwa upole, "Samahani, mama, huo uliouvaa ni wa mwanangu." Sijui yule mama aliona nini usoni kwake. Aliuvua mwenyewe, akauweka mkononi mwa dada, akaondoka bila kununua kitu. Ule wa kwenye kioo niliushusha mwenyewe.

Kwa hiyo zilikuwepo zote. Sitini na nane, hakuna iliyopotea. Tulikata uzi, tukazimwaga kwenye bakuli, na moja kati ya hizo ndiyo yenyewe.

Tulinunua tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Tukaloweka shanga moja kutwa nzima. Vanishi ikalegea, dada akaanza kuifungua kwa kibano cha nyusi, anapumua kwa pua tu. Gundi ilikuwa imeshika kila mzunguko. Nimefundishwa na yeye, gundi yangu haiachii. Ikatoka kama uji. Ya pili ikafunguka kidogo kutoka kwenye ncha, na palipobaki pazima tukasoma *dirisha*. Dada akasema, "Hiki nakijua." Alikishika mpaka kikakauka kidoleni. Ya tatu ikaharibika yote, hatukuambulia hata herufi, na hatutajua ilikuwa ipi.

"Acha," akasema. "Mwanangu ninamla mwenyewe."

Ndipo maswali yakaanza. Asubuhi, nikiwa natunga: "Mdogo wangu, kilipita mbele ya macho yako. Jaribu." Namwambia sikumbuki. Kesho yake tena, taratibu, bila lawama: "Hata neno la kwanza tu." Najaribu kweli. Nafumba macho, najirudisha kwenye kile kiti, naona kidole changu, naona spoki, halafu namsikia jirani na maji yake. Dada ananisubiri, ameinama kidogo mbele, kama alivyokuwa akimsikiliza Kasuku.

Mimi ni mtu mkali lakini si mwongo. Wote wanaonichukia watakwambia hivyo. Lakini baada ya wiki tatu za lile swali nilishindwa. Usiku wote niliutunga uongo wangu, na asubuhi alipouliza nikamwambia, "Nimekumbuka."

Akaweka mkasi chini.

Nikamwambia aliandika hivi: Mama, usiogope, mimi siogopi, siumwi popote, nimeota niko nyumbani nakusomea kalenda huku unaviringisha shanga, na hata nikichelewa kurudi ujue nakupenda kuliko kitu chochote na sikujuta hata siku moja kuwa mwanao.

Nilisema yote bila kukosea, na mwishoni nilikuwa nalia kweli, si kwa kujilazimisha. Dada alinitazama. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, na mimi nikadhani anasali. Alikuwa anahesabu maneno.

"Alinipa kipande kimoja," akasema. "Hayo uliyosema hayaingii hata kwenye vitano."

Nikafungua mdomo.

"Asante," akaniambia. "Najua umefanya kwa wema." Akachukua mkasi wake, akaendelea kukata.

Tangu siku hiyo hajaniuliza tena. Tunakaa kama zamani, meza mbili zinatazamana, yeye anakata na kuviringisha, mimi natunga. Tunaongea. Ananiambia uzi umeisha, ananiambia chai iko tayari. Kuna asubuhi nanyamaza makusudi, nampa nafasi, natamani aniulize ili niseme ukweli kwamba sikusoma, hata neno moja, nilikuwa nagombana. Dada yangu anapima karatasi kwa rula, anaweka alama, na haniulizi.