Nilivyowasema Wenye Nyumba Mbele ya Bi Mwanahawa

Jamani, leo nimeaibika mbele za watu!

Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali wa wilaya, alikuja Temeke kusikiliza malalamiko ya kodi za vyumba. Mie nikasimama, nikapaza sauti: "Wenye nyumba hawana huruma! Serikali ijenge nyumba zake, tuwahame!"

Makofi hayo! Kichwa kikanivimba.

Mara nyuma yangu akainuka Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba wangu. Kumbe alikuwepo!

"Mwanangu kasema kweli," akasema kwa upole. "Chumba nilichompa kilikuwa kinavuja."

Hakusema kwamba masika haya alinihamishia chumbani kwake, pakavu, yeye akaenda kulala kule kunakovuja.

Nikakaa chini.

Niliporudi nyumbani nikamkuta jikoni.

"Nawa mikono, mwanangu, tule," akaniambia.

Nyie mngekula?