Mluzi wa Kule Kware

Najua mnanijua. Mimi ndiye nilipiga simu ofisini kwa sauti ya mwalimu mkuu, nikawafungia shule kabla ya chai. Hiyo ilikuwa uongo na adhabu nilikula. Lakini hii ilinitokea mimi mwenyewe, hapa Kitengela, na sijaitia chumvi hata punje.

Kware ni lile shimo nyuma ya estate yetu, mahali walichimba mawe ya kujenga mpaka yakaisha. Huko ndiko polisi walitoa mwili wa kijana kwa gunia, kichwa kimepasuliwa. Nani alimuua? Hakuna aliyejua. Yeye ni nani? Hiyo pia hakuna. Alama za vidole hazikutoa jina kwa sababu alikuwa hajachukua kitambulisho. Chifu alitangaza, picha ya sandali yake moja ya tairi ikabandikwa kila duka, watu wakaitazama wakingojea mkate. Mochari wakasema watu wake wakikosa kuja, watamzika na namba.

Jioni moja natoka tuisheni, nikapitia kware kwa sababu ni njia fupi na mimi ni mvivu. Jua lilikuwa linaingia. Juu ya jiwe kulikuwa na kijana amejifunga shuka, amenipa mgongo, anapiga mluzi. Miwili mirefu, halafu mmoja unavunjika. Mbele yake vumbi tupu.

"Sopa!" nikamsalimia. Mmaasai gani anasalimiwa asijibu Ipa?

"Buda, unaita mbuzi gani? Wamepanda boda wakaenda Rongai?"

Mtu wa kawaida angecheka, ama anirushie rungu. Yeye akasema polepole, "Hawasikii. Nimeita mpaka nimechoka. Hebu piga wewe."

Sasa mimi naiga kila kitu: pasta, depyuti, fisi. Nikapiga.

"Hapana. Mwisho unashuka. Rudia."

Nikarudia mpaka midomo ikakauka. Nilipoupata, mabega yake yakashuka kama mtu ametuliwa mzigo. Nikamuuliza anaitwa nani.

"Wewe piga tu."

Boda ikatokea na taa zake, jamaa akapunguza mwendo. "Kijana, unapigia nani mluzi hapo peke yako?"

Nikageuka kumwonyesha. Jiwe lilikuwa tupu. Niamini, pale ni wazi kama kiganja. Mtu atajificha wapi? Nilikimbia mpaka kiatu moja ikanitoka, na sikurudi kuiokota.

Nikamwambia mathe nyumbani, akacheka. Nikaambia darasa, wakanipigia makofi. Ukiwa mwongo wa mtaa, siku unaona kitu ya kweli unabaki nayo peke yako.

Shule ilipofungwa, mjomba akanipeleka soko ya Kajiado kununua mbuzi wa Krismasi. Kusubiri kukanichosha, nikapiga ule mluzi, kuchokoza tu. Mbuzi mmoja mweusi akaruka, akang'oa kamba mkononi mwa mama wa Kimaasai, akaja akasimama miguuni pangu.

Mama akamfuata, akanishika mkono kwa nguvu. "Layioni, wewe kijana, nani amekufunza huo? Huo ni wa kijana yangu. Alitoka na mbuzi wote kutafuta malisho, akarudi huyu mbuzi peke yake."

Nilitaka kutunga kitu. Nilishindwa.

"Ni yeye mwenyewe, yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Kule kware, Kitengela."

Mbuzi hakuuzwa. Mjomba akakumbuka yule wa gunia, akatupeleka polisi, kisha mochari. Nilibaki nje nimeshika kamba. Mama alipotoka, macho yake yalikuwa makavu. Akasema ni yeye. Alimjua kwa kovu ya moto mkononi, kidonda alichouguza yeye mama kijana akiwa mtoto.

Na mimi na mdomo wangu: "Yeyo, alikuwa anaitwa nani?"

"Kwetu mtu akishaenda, hatumtaji jina tena," akasema, akachukua kamba.

Walimzika kwao. Polisi wako na jina lake; mimi sina. Waliomuua bado hawajashikwa. Labda tunapanga nao laini ya mkate.

Sasa wewe, ukipita kware jua likiingia na usikie mtu anaita mbuzi wasioonekana, usijifanye mjanja. Simama ujifunze vizuri, mpaka mwisho. Huenda ni wewe tu unamsikia. Lakini ujue hautatoka pale vile uliingia. Siku hizi napitia pale hata nikiwa sina haraka. Napiga ule mluzi, na naupiga vibaya makusudi.

Hakuna anayesema rudia.