Dubu Badala ya Susu

Darasa letu la tano kule Mbooni lilinuka mafuta ya taa na rangi iliyoganda, na hadi leo harufu hiyo hunipandisha hasira. Mwalimu Mutiso alidai anatufundisha uchoraji. Uongo mtupu. Alikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, cha msaada, chenye picha ya dubu aliyevaa pajama, ameketi ndani ya kikombe kinachoelea mtoni, mwavuli mkononi. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona dubu, mwalimu mwenyewe akiwemo. Muhula mzima tulimnakili. Tulipiga miraba kwa rula, tukaangalia sikio linaangukia mraba upi, kisha tukapaka rangi kwa vijiti tulivyotafuna ncha hadi vikatoa nyuzi. Mimi nilikuwa hodari wa utumwa huo. Ukurasa ulikuwa na doa la chai, nami nikalinakili pia, kahawia ile ile. Mwalimu akainua karatasi yangu. "Mnaona hii wingu? Huyu ndiye msanii!" Nilijua ni chai. Hata hivyo, kichwa kikanivimba.

Siku ya wazazi ilipokaribia, kila mtoto angebandikiwa mchoro mmoja ukutani, nami nilitaka wangu uwe wa susu, nyanya yangu aliyenilea. Jumamosi moja nilimkuta akitua mtungi wa maji, kamba ya kuubebea mgongoni imemwachia mstari kwenye paji la uso. Nilipomwambia ninataka kumchora, alishtuka. "Hapana hivi! Ngoja nivae kitambaa ya kanisa." Akaketi kwenye kigoda mchana kutwa, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila maharagwe ya kuchambua. Nilimpata vizuri sana, hata ule mstari wa kamba. Kesho yake akawatangazia akina mama kanisani kwamba atatundikwa shuleni.

Mwalimu aliitazama ile picha kama ameandaliwa chura kwenye sahani. "Hii umetoa wapi? Kwa kitabu hakuna mwanamke mzee. Wageni wanakuja, unataka kutuaibisha na umaskini?" Akaikunjakunja, akawashia nayo jiko la walimu, kisha akabandika dubu wangu. Ninamdharau mwalimu yule, lakini msichana niliyekuwa, aliyesimama pale mikono nyuma, ninamdharau zaidi.

Susu alishuka kilima na wenzake wawili, kitambaa kichwani. Alipita ukuta wote polepole, akarudi, akapita tena. "Mimi niko wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha dubu, nikasema mwalimu amependa hiyo. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuniuliza tena habari za kuchora hadi alipofariki.

Sasa ninachora kwenye kuta za shule za chekechea, kuanzia Mukuyuni hadi Kitui mjini. Wenye shule, na suti zao, wote wanataka dubu. Nilimwomba mmoja nimchoree mama aliyebeba maji. "Madam, wazazi wanataka kuona vitu za majuu," akanijibu, nami nikamchorea dubu wake. Watu husema watoto wa siku hizi wana bahati, wana brashi halisi na rangi za makopo. Rangi zimebadilika, upumbavu ni ule ule. Juzi nilijifungia nyumbani nimchore susu, kwa kuwa hakuacha hata picha moja. Nilikaa na karatasi hadi jioni. Dubu ninamchora nimefumba macho. Uso wa susu siukumbuki tena.