Ushahidi wa Fundi

Mtaani walimwita Fundi, maana hakukuwa na gauni la harusi wala sare ya shule ambayo haikupita mikononi mwake. Cherehani yake ilikaa barazani, ikitazamana na ya shoga yake, na mdomo wa Fundi haukuwa na breki. "Kitambi hiki nakipimia wapi, shemeji? Futi yangu imekata tamaa!"

Vita ndivyo vilivyomnyamazisha. Wanamgambo walimteka mwanawe wa pekee njiani akitoka shule. Miaka ikapita, kijana akarudi mtaani na kikosi na bunduki, akampiga risasi mume wa shoga yake mlangoni kwake, mlango uleule aliokuwa akiingia utotoni bila hodi.

Vita vilipokwisha, kijana alikamatwa. Wakili wake akamwendea Fundi.

"Mama, ieleze mahakama alivyotekwa, alivyopigwa. Sema hakuwa na hiari."

Kwanza Fundi alikwenda gerezani. Alimkuta mwanawe amekonda, mashavu yamebonyea.

"Nani alikuamuru siku ile, baba?"

Kijana akainamisha kichwa. "Hakuna, mama. Mkuu wetu hakuwepo. Yule mzee aliniita kwa jina langu la nyumbani. Nikaona haya. Nikafyatua."

Mahakamani Fundi alisimama kutoa ushahidi.

"Walimchukua mtoto mdogo. Walimpiga mpaka akasahau kulia. Hayo nayajua, na yananikata maini. Lakini siku ile hakuamriwa na mtu. Ameniambia mwenyewe."

Wakili alishika kichwa. Kijana akafungwa maisha.

Nje, shoga yake alimngoja penye ngazi.

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Mimi bado namchukia, dada. Usitegemee nimsamehe."

"Mchukie. Una haki. Mimi nimejaribu, nimeshindwa."

Walilia wakiwa wamesimama mbalimbali, hakuna aliyemshika mwenzake. Baada ya siku chache shoga akahamishia cherehani yake mtaa wa pili.

Fundi akawa mtu wa kwenda gerezani. Mwanzoni kijana alikataa kutoka. Mama alikaa kwenye benchi la wageni mpaka askari amwambie, "Nenda kapumzike, mama, leo hatoki." Kisha siku moja akatoka. Kesi hawakuigusa. Mama alimuuliza kama anakula. Akajibu anakula, tena vizuri, na Fundi akaitikia, ingawa alijua anadanganywa.