Gogo la Kasiva Lilingoja Hesabu Itoke

Saa moja asubuhi, mtaa wa Shauri Moyo. Kasiva Mutisya amekaa juu ya gunia, anapiga msasa masikio ya kifaru wa mti. Nyusi zake zimejaa vumbi la mti. Baadaye atanawa na kwenda chuo kikuu, ambako yuko mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta.

Ndiyo, kompyuta. Na kidato cha nne hisabati ilimpa D.

"Mwalimu aliniambia, 'Kompyuta ni hesabu tupu, tafuta kitu kingine,'" anakumbuka Kasiva, 25, akicheka. "Nilimsikia. Moyo ndio uliokataa."

Alianza na cheti, akapanda stashahada, ndipo shahada ikamfungulia mlango. Sehemu ya karo inatoka kwenye huu msasa.

Baba yake, Mzee Mutisya, amechonga wanyama kwenye kibanda hiki tangu Kasiva hajazaliwa. Binti alipoanza masomo, mzee alitangaza kanisani, na majirani wakaanza kumletea redio zilizokufa. "Niliwaambia sijui kutengeneza redio," anasema Kasiva. "Hakuna aliyeamini."

Mwaka jana mambo yakaharibika. Somo la hisabati liitwalo kalkulasi lilimwangusha, na chuo kikampa nafasi moja tu ya kurudia. Akianguka tena, ndiyo kwaheri. Hapo akaanza kufanya hesabu kwa chaki juu ya magogo, jinsi wachongaji wanavyochora mnyama kabla ya kukata.

"Baba aliniambia, 'Chaki inafutika, mti haufutiki. Kosea sasa, mama.' Shuleni niliogopa kukosea. Hapa nilikosea mpaka nikachoka kuogopa."

Gogo moja lilimshinda. Hesabu iliyokuwa juu yake ilikataa kutoka wiki baada ya wiki. Mteja akataka gogo hilo hilo lichongwe twiga, mzee akakataa.

"Nilimwambia hilo lina mtu," anasema Mzee Mutisya. "Akachukua jingine."

Hesabu ilitoka siku chache kabla ya mtihani. Wiki iliyopita matokeo nayo yakatoka: Kasiva amepita, alama hamsini na mbili. Alimkuta baba yake akinoa tezo ya kuchongea, akamwambia.

"Kati ya ngapi?" mzee akauliza.

"Kati ya mia."

Mzee akaweka tezo chini. "Twiga wangu wa kwanza nilimkata shingo kupita kiasi, akawa swala. Na nilimuuza." Kisha akageuka kujipangusa macho, akisingizia vumbi.

Kasiva anajivunia hamsini na mbili zake bila haya. Akihitimu, anataka kufungua darasa la jioni mtaani Jericho, kwa wasichana walioambiwa kompyuta si yao kwa sababu ya hesabu. "Nitaanza na chaki," anasema.

Gogo lake bado liko kwenye kona, hesabu imekamilika juu yake. Asubuhi hii Mzee Mutisya anamnyang'anya msasa na kumpa tezo, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Futa, uchore twiga wako."

"Na nikimkata shingo, Baba?"

"Basi tutakuwa na swala," anajibu mzee, na kumsogezea gogo.